Umande wa Kuazima

Hakuna mtu katika kijiji hiki anayezijua methali kuliko mimi. Hata mwalimu mkuu aliwahi kuja kwangu, kwa miguu yake mwenyewe, akapiga hodi na kuvua kofia. Ni kweli alikuwa anamtafuta kuku wake, na ni kweli kuku huyo alikuwa chunguni kwangu, lakini nilipokuwa namwomba radhi nilimpa methali tatu za bure.

Sasa ninyi mmemsikia fundi cherehani akimwambia kijana anayemfundisha kazi, "Umande hauazimwi," kijana akainamisha kichwa, na ninyi mmekuja mbio kuniuliza umande huazimwa kwa nani na hurudishwa lini. Kaeni chini. Wewe uliye karibu na mlango, ufunge. Hadithi hii ina baridi.

Methali hii ilizaliwa huku huku kwetu, milimani Upare, na aliyeizaa ni mwanamume aliyelipenda blanketi lake kuliko alivyompenda mkewe. Msicheke. Wapo wengi, ila huyu alijulikana.

Zamani, juu ya kijiji, palikuwa na ndiva. Ninyi mmezaliwa mkakuta mabomba, kwa hiyo acheni nieleze. Ndiva ni bwawa la kuchimbwa, lenye ukuta wa mawe na udongo upande wa bondeni. Kijito kinachoteremka kutoka msituni huingia humo usiku kucha, na alfajiri ndiva inakuwa imejaa. Chini ya ukuta kuna tundu, na tundu limezibwa kwa gogo refu lililoviringishwa magome ya mgomba na kukandikwa udongo. Alfajiri mtu hupanda ukutani, hulishika gogo, hulitikisa kulia na kushoto, kisha hulivuta. Maji yakitoka hunguruma, huingia mferejini, na kijiji kizima hujua kumekucha. Jioni gogo hurudishwa na yule aliyemwagilia mwisho. Hiyo ni kazi nyepesi, kwa sababu jioni kila mtu yuko macho.

Na asipokwenda mtu alfajiri? Kijito hakijui kuwa ndiva imejaa. Kinaendelea kuleta. Maji hupanda hadi mdomo wa ukuta, yanaanza kuulamba, na ukuta wa udongo ukilambwa huliwa. Wazee walisimulia habari za ndiva ya bonde la pili, iliyopasuka kabla jua halijatoka. Nyumba tano zilikwenda. Kinu cha mama mmoja kilikutwa kimenasa juu ya mti, na mchi bado umesimama ndani yake, kana kwamba kuna mtu huko juu alikuwa anatwanga. Mwenye kinu hakuonekana tena.

Chini ya ndiva yetu palikuwa na nyumba tatu. Ya kwanza kabisa, ile ambayo ukuta ungeiangukia kabla ya nyingine, ilikuwa ya mjane aliyeitwa Namkunda. Binti yake, Nambike, aliolewa na Kiangi. Kiangi ndiye mtu wa blanketi.

Kazi ya kufungua ndiva ilikuwa ya ukoo wa Kiangi tangu kwa babu yao. Malipo yake yalikuwa haya: nyumba inayofungua ndiyo inayopata maji kwanza. Lakini kazi hiyo ilikuwa na sheria, na mlinzi wa sheria alikuwa Mzee Mavura. Macho ya mzee huyu yalikuwa yamefifia, aliona mwanga na vivuli tu, ila mikono yake ilijua kila kitu. Njia ya ndivani ilipita katika nyasi ndefu, na nyasi hizo hazikufyekwa makusudi. Anayekwenda alfajiri hurudi ameloa mpaka magotini. Basi mfunguaji akishashuka, alipita uani kwa Mzee Mavura, akasimama mbele yake bila maneno mengi, na mzee akaweka viganja kwenye miundi yake. Akikuta umande husema, "Umeamka." Imekwisha. Ukikutwa mkavu mara mbili, zamu yako ya maji inapewa nyumba nyingine hadi mvua zinyeshe. Na mahindi yasiyo na zamu wakati wa kiangazi hukauka yakiwa na urefu wa goti, mkeo na wanao wakabaki kula ugali wa kuomba.

Baba yake Kiangi, Mzee Mntangi, alifungua ndiva ile maisha yake yote bila kukosa hata alfajiri moja. Alikuwa mtu wa ugoro. Akifika kwenye kona ya njia, nyuma ya nyumba yake, hunusa, hupiga chafya tatu, kisha hupanda. Watu waliokuwa vitandani wakisikia chafya ya tatu walijua muda si mrefu maji yatanguruma. Alipougua na kujua kuwa hataamka tena, alimwita mwanawe.

"Kiangi," akamwambia, "maji hayamsubiri mtu. Ukilala wewe, mimi sitalala."

Akafa kesho yake. Wakamzika chini ya migomba, hatua ishirini kutoka mlangoni.

Kiangi alijaribu, nisimwonee. Siku za kwanza alilala chini kwenye ngozi bila godoro ili ubavu umuume, ubavu ukazoea. Akamlaza jogoo ndani, chini ya kitanda, ili awikie sikioni. Jogoo alipoonja joto la ndani naye akaanza kuchelewa. Mtu akitaka kujizoeza kuamka mapema, hatakiwi kumtegemea jogoo aliyeshiba. Mwisho kilichomwamsha ni kisigino cha Nambike. Nambike alikuwa na mimba ya kwanza, mimba kubwa, hapati usingizi, na kila alfajiri alimpiga teke la kiuno akisema, "Amka, mume wangu, maji ya watu." Akaamka. Akaenda. Mzee Mavura akamgusa akasema, "Umeamka." Siku nane mambo yakaenda hivyo.

Siku ya tisa Nambike akashikwa na uchungu, akapelekwa kwa mama yake kujifungua, kama ilivyokuwa desturi kwa mtoto wa kwanza. Alijifungua salama, mtoto wa kiume, wakamwita Mbonea. Akabaki huko kwa mama yake, pale chini ya ukuta, mpaka arobaini itimie. Kiangi akabaki na jogoo.

Alfajiri ya kwanza bila kisigino, Kiangi alifungua macho akaona mistari ya jua ukutani.

Alitoka nje bila kufunga shuka vizuri, mawazo yake yote yakiwa bondeni, kwa mke na mtoto mchanga. Alipofika mferejini alisimama ghafla. Maji yalikuwa yanapita. Mengi, matulivu, kama ya siku zote. Mtu alikuwa ameshafungua.

Akatazama huku na huku. Hapakuwa na mtu. Akatazama nyuma, kwenye migomba. Majani ya migomba yalikuwa yanatikisika, na hapakuwa na upepo, au yeye hakuusikia.

Pale pale, watoto wangu, mtu mwenye akili angekwenda kwa Mzee Mavura akasema, "Nimelala, na sijui nani amefungua." Kukutwa mkavu mara moja kulikuwa na onyo tu. Lakini Kiangi aliwaza sauti ya mzee ikisema, "Kavu," majirani wakiwa wanasikia. Akarudi nyumbani, akapita nyuma ya jiko, akachota maji mtungini kwa kata, akajimwagia miguuni kuanzia magotini. Akaenda kusimama mbele ya mzee. Viganja vikamgusa. Vikakaa kidogo zaidi ya kawaida.

"Umeamka," Mzee Mavura akasema.

Usiku ule Kiangi aliapa kutolala. Alikaa kitandani ameegemea ukuta, macho wazi. Jogoo wa majirani walipowika mara ya kwanza alikuwa macho bado, na alianza kutafuta shuka yake gizani. Ndipo aliposikia hatua.

Zilikuwa hatua za mtu anayekokota miguu kidogo, mtu mzima, zikipanda njia ya nyuma ya nyumba. Zikafika kwenye kona. Zikasimama.

Chafya moja. Kimya. Chafya ya pili. Kimya. Chafya ya tatu.

Hatua zikaendelea kupanda, nyasi zikalia *shwa, shwa*, na baada ya muda kule juu gogo likagonga mawe, maji yakanguruma.

Kiangi alikuwa amejifunika blanketi mpaka utosini, ameuma pindo lake. *Ukilala wewe, mimi sitalala.* Ndivyo alivyosema baba, na baba hakuwa mtu wa kusema uongo. Alibaki humo hadi kukapambazuka kabisa. Kisha akaenda nyuma ya jiko, akachukua kata.

Oneni sasa mtego wenyewe. Hakuweza kumwambia mtu kuwa marehemu anatembea, maana wangemuuliza, "Wewe ulikuwa wapi alipokuwa akitembea?" Na hakuweza kwenda kufungua, maana angekutana naye njiani. Ameshikwa na uongo huku na hofu kule, na kila asubuhi anajimwagia maji ya mtungi na kwenda kuambiwa ameamka. Akakonda. Mchana alisinzia shambani akiwa ameshika jembe. Watu walisema, "Jamani Kiangi, kuamka mapema kunammaliza," na wakamhurumia. Wengine walimpelekea maziwa. Akanywa.

Siku moja alijitahidi. Alitoka mapema, akafika kwenye kona kabla ya hatua, akachuchumaa kando ya jiwe kubwa. Giza lilikuwa zito, umande unadondoka kutoka kwenye majani. Akasikia nyasi za chini zikifunguka. Akaona kitu cheusi kikipanda, kimeinama, hakina kichwa, kirefu kiasi cha mtu. Hakungoja kuona uso. Alirudi ndani kwa magoti, akaukomea mlango, akausogezea na kinu.

Kesho yake akaona afadhali ampendeze marehemu. Kibuyu cha ugoro cha baba kilikuwa bado kinaning'inia darini. Akatia kiasi kwenye jani la mgomba, akaliweka juu ya lile jiwe kabla ya jua kuzama. Asubuhi jani lilikuwa tupu, limefutwa safi. Basi Kiangi hakuwa na shaka tena. Kila jioni akaweka ugoro, kila alfajiri akasikiliza chafya tatu, na siku hizo chafya zikawa na nguvu zaidi.

Hivyo ndivyo mwezi ulivyopita. Kiangazi kikafika mwisho wake, joto likawa kali, na jioni moja watu wakaona msitu wa juu umevaa mawingu meusi. Usiku huko juu radi zikamulika. Kijijini halikudondoka hata tone. Mbingu zilikuwa wazi, nyota zimejaa, baridi imeshuka na umande wake. Watu walisema, "Zinanyesha huko, zitakuja," wakalala kwa furaha.

Kiangi hakulala. Alikuwa kitandani kama kawaida yake, masikio nje. Jogoo wa kwanza akawika. Akangoja hatua. Jogoo wa pili akawika. Hapakuwa na hatua. Akajiambia amepitiwa, labda chafya zimepita akiwa amesinzia, kwa hiyo akangoja ngurumo. Haikuja. Nje palikuwa kimya, na ndani ya kimya kile palikuwa na sauti nyingine ambayo hakuwahi kuisikia: kijito, ambacho kiangazi chote kilikuwa kinanong'ona, sasa kilikuwa kinasema kwa sauti nzito, kama umati wa watu walio mbali.

Mvua ya msituni ilikuwa imefika kwenye ndiva.

"Baba," Kiangi akaita kwa sauti ndogo. "Baba, umechoka?"

Mwezi mzima aliogopa kusikia hatua zile. Sasa aliogopa kwa sababu hazipo, na hofu ya pili ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza, maana hofu ya kwanza ilikuwa na uso wa baba yake, na hii ilikuwa na uso wa mtoto aliyelala chini ya ukuta. Alitoka. Hakuchukua hata kijinga cha moto. Alipofika kwenye kona aliona jani la mgomba juu ya jiwe, na ugoro bado umo. Haukuguswa.

Alikimbia. Nyasi zilimpiga mapajani, zikamkata, zikamwagia umande wa baridi mpaka akatetemeka. Alianguka mara mbili. Alipofika juu, mwanga wa kwanza ulikuwa unaanza kutenganisha mlima na mbingu, akaiona ndiva.

Haikuwa na ukingo. Maji yalikuwa yamelingana na ukuta, meusi, yamevimba katikati kama mgongo wa ng'ombe. Upande wa kushoto yalikuwa yameshaanza kuvuka, mkondo mwembamba wa upana wa viganja viwili, na pale yalipovukia udongo ulikuwa unamomonyoka vipande vipande, kila kipande kikianguka na sauti kama ya mtu anayemeza. Chini ya pale pale, moja kwa moja, aliona paa la Namkunda. Moshi haukutoka. Wamelala.

Hakuwa na muda wa kushuka kuwaamsha. Akapanda ukutani. Udongo ulikuwa laini, ukawa unatikisika chini ya nyayo zake kama uji ulioganda juu tu. Akalishika gogo, akalitikisa kulia. Halikwenda. Kushoto. Halikwenda. Uzito wa maji yale yote ulikuwa umelibana. Nyuma yake akasikia kipande kikubwa kikimezwa. Akalikumbatia gogo kwa mikono na miguu kama mtoto anavyomkumbatia mama, akaning'inia na uzito wake wote, akalia, hakuona aibu, akalia na kuvuta, kulia na kushoto, kulia na kushoto, mpaka akasikia magome ya mgomba yakichanika ndani ya tundu. Gogo likaruka juu, likamwangusha chali, na ndiva ikanguruma kwa sauti ambayo watu wa bonde la pili waliisikia.

Alibaki pale amelala chali akitazama maji. Yalishuka kidole kimoja. Yakashuka cha pili. Mkondo wa kushoto ukawa mwembamba, ukawa uzi, ukakatika. Ukuta ukabaki na jeraha la kina cha goti. Ukabaki umesimama.

Basi Kiangi akashuka akiwa mtu mwingine. Moyoni alikuwa anajua kwamba leo, kwa mara ya kwanza baada ya mwezi, hana haja ya kata. Akaenda moja kwa moja kwa Mzee Mavura.

Mzee alikuwa amekaa karibu na moto wa uani. Majirani wachache walikuwa wamekuja kuomba moto, kila mtu ameshika kijinga chake.

"Ni mimi, Babu."

"Karibu, baba. Leo maji yamechelewa, tena yamepiga kelele."

"Gogo lilikaza."

Kiangi akasimama mbele yake. Mzee akanyoosha mikono. Viganja vilipogusa miundi, mzee aliirudisha mikono kama aliyegusa kaa la moto. Kisha akagusa tena, polepole, kutoka gotini hadi kwenye kifundo. Akabandua kitu kwa kucha, akakisugua kati ya vidole viwili.

"Kishona nguo," akasema.

"Ndiyo, Babu. Mbegu zake zimejaa njiani."

"Zimejaa tangu lini?"

"Tangu kiangazi kianze."

"Na umande una baridi. Umeniuma mpaka kwenye mifupa ya vidole."

"Ndivyo umande ulivyo, Babu."

"Ndivyo ulivyo," mzee akakubali. "Sikiliza, mjukuu wangu. Mwezi mzima nimeishika miguu hii. Maji nayapata, baridi siipati. Mbegu siipati, hata moja. Nikajiambia, Mavura, macho yalitangulia, sasa na mikono inayafuata. Usiku nimekuwa nikijipapasa uso nione kama bado ninausikia. Nimeogopa, na sikumwambia mtu, maana mtu wa kushika miguu asiyejua anachokishika ni wa kazi gani? Leo nimekugusa mara moja nikasikia kila jani ulilopita. Mikono yangu ni mizima. Haya niambie, nani alikuwa anafungua maji?"

"Mimi, Babu."

"Nani?"

Mzee hakupandisha sauti. Kiangi alitazama majirani, akatazama njia ya nyasi, na hofu ya mwezi mzima ikamtoka mdomoni.

"Baba."

Mama mmoja akaangusha kijinga chake.

"Baba yako yuko chini ya migomba," mzee akasema. "Nilikuwepo tulipomfukia."

"Aliniambia nikilala, yeye hatalala. Hupita nyuma ya nyumba kabla hakujapambazuka. Kwenye kona hupiga chafya tatu. Nimemwekea ugoro juu ya jiwe, asubuhi haupo. Leo hakuja. Leo nimekwenda mwenyewe."

Mzee Mavura akaivuta shuka akajifunika mabega. Papo hapo nyasi za upande wa bondeni zikalia *shwa, shwa*, zikafunguka, na kikatokea kitu cheusi, kimeinama, hakina kichwa. Watu wakarudi nyuma mpaka ukutani. Kiangi alijificha nyuma ya mzee asiyeona.

"Hodi," kile kitu kikasema. Kikafunua kaniki kichwani, kikawa Nambike, na Mbonea mgongoni. "Nisameheni, arobaini haijatimia, lakini mama amenituma niulize nani amefungua maji."

"Kwa nini anauliza?" Mzee Mavura akasema.

"Ana homa tangu jana jioni. Usiku kucha anataka kutoka, ananiambia maji hayajasema, nimwachie aende. Nimelala juu ya miguu yake kumzuia. Nilidhani ni homa. Kumbe kila alfajiri, tangu nijifungue, huwa anapanda ndivani. Mimi aliniambia anakwenda kuokota kuni."

"Na kuni alileta?"

"Alileta kijiti kimoja kimoja, Babu."

Mzee akanyoosha mkono. Nambike akamsogezea pindo la kaniki ya mama yake, nguo ya kwanza aliyoishika alipotoka. Lilikuwa limejaa kishona nguo, mbegu juu ya mbegu, mpaka limekuwa gumu kama ngozi kavu. Mzee akalinusa.

"Mama yako hunusa ugoro?"

"Aliacha zamani. Aliniapia."

"Hajaacha," mzee akasema. "Na kwa nini hakutuambia kuwa mkwewe analala?"

Nambike akatazama chini. "Angesemaje, Babu? Kumsema mkwe ni aibu. Na angesema, zamu ingeondoka, mtoto huyu angekula nini?"

Kwa hiyo mzimu ulikuwa mama mkwe. Mimi mwenyewe nina wakwe watatu wa kiume, na kwa upande huo ninasema Kiangi alikuwa na haki ya kuogopa.

Kiangi akatoka nyuma ya mzee. Majirani walianza kumtazama kwa jicho jingine, wale wa maziwa hasa. Akaona afadhali aokoe kilichobaki.

"Babu, sikatai, zipo siku nililala," akasema. "Siku mbili tatu. Lakini nyingine niliamka, tukawa tunapishana tu na mama. Hata jana niliamka. Niliosha miguu mtoni, ndiyo maana hukukuta mbegu."

"Baba Mbonea," Nambike akasema, taratibu kabisa, huku akimpangusa mtoto mdomo. "Nimepitia nyumbani kukutafuta kabla ya kuja huku. Kijiji kizima kimekauka, hata uani kwa Babu hapa ni vumbi tupu. Nyuma ya jiko letu, pale penye mtungi, pameota mchicha. Umefika hapa."

Akaonyesha gotini.

Mzee Mavura akaweka tena viganja vyake kwenye miundi ya Kiangi, juu ya umande wa siku moja, akavilaza hapo.

"Leo umeamka," akamwambia. "Ya leo ni yako. Hizo nyingine mrudishie mwenyewe, mkweo. Umande hauazimwi."